Mgeni wa Baba Yako

Felista mwanangu,

Uji uko kwenye chupa. Dawa ya hospitali mpe baba yako wewe mwenyewe, maana kwangu ameikataa. Bado anasema mimi siye mke wake, ni mwanamke mwingine aliyevaa sura ya Tabitha. Usimbishie, wala usimkubalie. Daktari alisema huo ni ugonjwa, si ukorofi.

Vile vidonge vitamu vya tiba mbadala ya homiopathi alivyoleta baba yako mdogo Elia usivitafute. Wadogo zako wamevimaliza kama pipi, na hakuna aliyeugua wala kupona.

Asubuhi nimempelekea chai. Akanishukuru kwa adabu: "Mama, chai yako tamu kuliko ya mke wangu." Nikanuna. Halafu akasema polepole, "Ila nimemkumbuka sana Tabitha. Ukimwona, mwambie arudi."

Tangu anioe hajawahi kuniambia neno kama hilo. Leo amemwambia mgeni!

Naenda Tarime mjini kumweleza daktari na kuchukua dawa nyingine. ~~Nitakaa Turwa kwa mama yako mkubwa mpaka apone.~~ Nitarudi leo jioni. Ndama wafungiwe mapema.

Mama yako (yule yule)