Nyani wa Kona ya Birika

Kambini, 4 Februari

Dada yangu,

Kabla hata ya salamu, jua kwamba unasoma barua ya mtu ambaye mlima umemwomba radhi. Usicheke. Jana nimeupanda ule wa tatu, mrefu kuliko yote inayoizunguka hifadhi, na nilipofika juu mlima wenyewe ukasema, basi kijana, yaishe. Ndege wakanyamaza kwa heshima. Kocha anadai walinyamaza kwa sababu nilikuwa natapika, lakini kocha ana wivu.

Haya, salamu sasa. Hujambo? Mpwa wangu hajambo? Ameota jino? Sisi huku wazima, isipokuwa miguu, ambayo imeacha kusema na mimi. Barabara hii inauzunguka msitu wote, na aliyeijenga hakuwa na rafiki duniani. Ukimaliza kupanda unateremka, ukimaliza kuteremka unapanda, hakuna mahali tambarare hata pa kuweka kikombe cha chai. Asubuhi ukungu, mchana mvua, jioni soksi. Soksi zimeanikwa chumba kizima, hazikauki, zinazidi kuota tabia. Baiskeli tumezitundika juu ya vitanda, na yangu inanidondoshea mafuta usoni usiku kucha. Ndiyo siri ya ngozi yangu.

Simu usijisumbue, msitu umeumeza mtandao. Barua anazibeba dereva wa gari la mkate.

Uliuliza kazi yangu hasa ni nini. Mumeo ndiye nyota wa timu, ndiye anayetegemewa kushinda mashindano ya kuizunguka hifadhi. Mimi natangulia namkatia upepo, yeye anajificha nyuma ya mgongo wangu, ili tukifika mlima wa mwisho awe bado na miguu. Kwa kifupi mimi ni ukuta. Kocha anasema ukuta wenye mdomo. Shemeji akamwambia, "Mwache, kocha. Akinyamaza nitajuaje kama bado yupo mbele?"

Anakusalimu sana. Alitaka kuandika mwenyewe, usingizi umemchukua kalamu ikiwa mkononi.

Mdogo wako,
Simba wa Milima (jina nimejipa mwenyewe, hakuna aliyepinga kwa sauti)


Nyumbani, 17 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, na uongo wake wote. Sisi hatujambo. Jino bado, lakini mpwa wako anang'ata kwa ufizi hivyo hivyo. Amerithi kwa mjomba wake kutisha watu bila silaha.

Nakuandikia nikiwa chumba cha pasi. Leo mashuka ya hoteli nzima yamenishukia mimi, mwenzangu anaumwa, na mgongo wangu umeshapinda kama ndoano. Lakini nina habari. Yule mzee anayeendesha gari la wageni anastaafu. Meneja kaniita mwenyewe, kasema kiti hicho anamwekea mume wangu, aje akimaliza mashindano. Nusura nichome foronya. Unajua nimemngoja kwa muda gani huyu mtu awe anarudi nyumbani jioni kama waume za watu? Na ameniahidi haya ndiyo ya mwisho.

Kwa hiyo nisikilize, Simba wa Soksi. Mkishinda mshinde, mkishindwa mshindwe, hayo ni yenu na kocha wenu. Mume wangu nimekukabidhi mzima. Nirudishie mzima.

Dada yako


Kambini, 9 Machi

Dada,

Habari za siku nyingi. Kaa kwanza. Umekaa? Shemeji hajambo. Nasema hajambo kwa maana anaongea, anakula, na ameshamtukana daktari, yaani ni yule yule. Ila bega limevunjika, na kichwani ameshonwa. Ile kofia ngumu imepasuka kama ganda la yai. Bila hiyo barua hii ingekuwa nyingine.

Ilikuwa mazoezini, wiki iliyopita, kwenye mteremko wa pili, kona tunayoiita Kona ya Birika kwa jinsi ilivyojikunja kama mkono wa birika. Tulikuwa wawili tu, mimi mbele yeye nyuma, wenzetu tumeshawaacha mbali. Basi akatokea nyani. Puu, katikati ya barabara, kama ana kibali. Mimi unanijua, macho ya mwewe, nikampita kwa unywele. Shemeji hakuwahi. Alikwenda chini na baiskeli yake, nikasikia sauti ambayo sitaki kuieleza.

Nilimbeba mgongoni kupanda ule mteremko wote hadi kwenye geti la askari wa msitu. Hilo si majigambo, waulize askari. Yeye mwenyewe hakumbuki kitu, anakumbuka tu kwamba alikuwa akiutazama mgongo wangu, kisha akaona dari ya hospitali.

Jumamosi analetwa nyumbani kwa gari la timu. Kocha amenipa mimi nafasi yake. Sasa mimi ndiye ninayekatiwa upepo. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Pole sana, dada. Nimechoka, nitaandika vizuri siku nyingine.

Mdogo wako


Nyumbani, 21 Machi

Mdogo wangu,

Amefika. Nimemshukuru Mungu, kisha nikalia, kisha nikarudi kazini, maana mashuka hayana pole.

Bega linaunga. Nakuandikia hasa kwa sababu ya jambo lingine. Huyu bwana hana raha. Anakaa kizingitini anatazama barabara, ukimpita anakuuliza, "Lile pale ni mbuzi au mbwa?" Ni mbuzi, namwambia. "Nami nimeona mbuzi," anasema, kama mtu aliyefaulu mtihani. Jana kaniuliza mara tatu, hivi huyo nyani alikuwa mkubwa kiasi gani? Nikamwambia sijui, mimi nilikuwa napiga pasi.

Meneja bado anamsubiri. Wewe uko salama? Barua yako ya mwisho haikuwa na utani wa kutosha, nikaogopa.

Dada yako


Kambini, 30 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo, maana siku hizi nimekuwa mtu wa adabu. Sijambo, na wewe usiogope, utani upo, umelowa tu kama soksi.

Mwambie shemeji asijichoshe na nyani yule. Alikuwa mkubwa kama ndama! Alisimama pale wazi kabisa, na baadaye alirudi tena, wenzangu wote wakamuona. Lakini nyani ni nyani, hata bingwa wa dunia angeanguka. Amezidiwa tu, siyo kosa lake. Msomee hapo, atapoa.

Huku mazoezi yamekuwa mabaya. Amekuja kijana mgeni ananikatia upepo, mpole, hana mdomo, nami nyuma yake naendesha kama mtu aliyebeba gunia la mawe. Kocha kaniuliza, "Simba, umekula nini?" Nikamwambia nimekula wenzangu. Hakucheka. Jana kwenye mlima wa tatu nimeshuka, nimetembea nikisukuma baiskeli. Mlima haukuomba radhi kwa mtu.

Mbusu mpwa wangu.

Mdogo wako


Nyumbani, 12 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo, kwa maana ya kusema tu.

Nilimsomea barua yako kama ulivyotaka. Alisikiliza mpaka kwenye ndama. Akaniambia rudia hapo. Nikarudia. Akainuka, akaingia ndani, akakaa kitandani na viatu.

Asubuhi kamfuata meneja mwenyewe, na bega lake hilo limefungwa. Mimi niko na pasi mkononi nawasikia mlangoni. Meneja anamwambia, "Daktari kasema macho yako mazuri." Akamjibu, "Daktari alinipima kwa herufi za ukutani, mama meneja. Hakunipima kwa nyani." Meneja akacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Nyani mkubwa kama ndama, amesimama wazi, watu wote wamemuona, na mimi sikuona hata mkia. Asiyemuona nyani kama huyo, mtoto akikatiza barabara atamuona? Mtafutie mtu mwingine hilo gari."

Tangu siku hiyo hambebi hata mwanawe nje ya mlango. Anasema kitu kimezimika kichwani mwake na hakuna anayethubutu kumwambia. Mimi nimesema mpaka sauti imekauka. Mtu hubishana na mumewe, hawezi kubishana na macho ya mumewe.

Meneja kanipa mpaka mwisho wa mwezi, kisha kiti anapewa mwingine. Siyo kiti kinachoniuma. Kinachoniuma ni mwanaume wa miaka yake kuniomba nimshike mkono kuvuka barabara.

Ulikuwepo wewe peke yako. Nakuomba, na si kawaida yangu kukuomba: kaa chini, mwandikie yeye. Mweleze nyani alitokea upande gani, alisimama wapi, jua lilikuwa wapi. Mweleze taratibu, huenda kitu kikarudi, akajua kwamba naye alimuona.

Dada yako


Kambini, 18 Aprili

Dada yangu, na wewe shemeji, maana hii msome wote wawili,

Hamjambo. Mimi sijambo. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nyani ananijia, namwandika vizuri kabisa, na mkia wake, mpaka mwenyewe naanza kumuonea huruma. Karatasi zote nimezichoma kwenye jiko la kambi. Leo naandika bila kurudi nyuma kusoma, nisije nikapata akili.

Shemeji, macho yako ni mazima. Hukumuona nyani kwa sababu hapakuwa na nyani.

Dada, wewe hujui tunavyoendesha, ngoja nikueleze. Anayekatiwa upepo anakaa karibu sana na gurudumu la aliye mbele yake, shibiri moja tu, wala haoni barabara. Anaona matako ya mwenzake basi. Ndiyo maana wa mbele ana kazi ya pili, ambayo sikukuandikia kwa kuwa haina sifa: akiona shimo, anatoa mkono mmoja kwenye usukani, anaushusha ubavuni, ananyoosha kidole upande wa shimo. Wa nyuma anakwepa bila kuuliza. Hilo ndilo jicho lake. Hata mtoto anayekuja kambini kwa mara ya kwanza anafundishwa kidole kabla ya kufundishwa breki.

Siku ile tulikuwa tumeshapanda mara mbili, na mvua imenyesha tangu asubuhi. Sikuwa simba wala paka. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi juu ya breki, nilikuwa navitazama kama vya mtu mwingine. Kwenye Kona ya Birika, upande wa kushoto, maji yalikuwa yamekula ukingo wa lami. Shimo la kuingia gurudumu zima. Nililiona mapema. Nilikuwa na muda, shemeji, nisikudanganye na hapo. Lakini kutoa mkono kulikuwa kazi, na nilikuwa nimechoka, nikasema moyoni, anaijua barabara hii kuliko mimi.

Nikalikwepa peke yangu. Mkono sikuutoa.

Mdogo wenu