Jina la Nyanya katika Aya ya Nne

S.L.P. 2217,
Eldoret.
9 Machi 2025.

Mpendwa Dada Waiyego,

Mgongo wako unaendeleaje, na baridi ya huko imepungua? Sisi huku Kiplombe tu wazima. Baba yako, Mjomba Githinji, ameshalima na anangoja mvua. Magoti yanamsumbua, lakini bado anabishana na redio.

Katika barua yako ya Januari uliandika kwamba hutamsamehe Jacktone, mkalimani aliyekaa nawe wachunguzi wa kimataifa walipochukua ushahidi wako kuhusu kifo cha Nyanya katika ile nyumba iliyochomwa 2008. Uliamini ndiye aliyekutaja. Ukamshtaki kwao, wakamfukuza.

Si yeye. Ni mimi.

Mwaka 2012 niliandika habari za uchunguzi huo. Jina lako sikuliweka. Lakini nilitaka jina la Nyanya lichapishwe, maana mpaka hapo alikuwa idadi tu. Katika aya ya nne nikaandika kwamba shahidi ni binti wa kwanza wa mwana wa pekee wa kiume wa marehemu Waiyego. Mhariri wangu, Obonyo, akaniuliza, "Hapa uko sawa, Mbuthia?" Nikamwambia niko sawa. Yeye ni mtu wa Kisumu, asingejua. Mimi najua kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa babake. Majirani walilisoma jina lako pale bila mimi kuliandika. Siku ya tatu wale wanaume wakaja dukani kwako, nawe ukahama nchi.

Nilielewa siku hiyo hiyo. Ulipomlaumu Jacktone, nilinyamaza.

Mwezi jana nilimkuta mjini Turbo, anauza mbolea. Nilipomwambia kwamba shahidi aliyemshtaki ni binamu yangu, akacheka. "Mwandishi, bado unatafuta ukweli? Mwambie binamu yako mimi jina lake sikuwahi kupewa. Kwangu alikuwa Shahidi Kumi na Saba."

Jumatatu niliandikisha taarifa kwa wachunguzi na kutia sahihi. Watakuuliza kama unaondoa shtaka lako dhidi yake. Ukurasa wa gazeti nimeuweka humu, usome mwenyewe kabla ya kujibu. Mimi usiniondolee chochote. Yeye mwondolee.

Msalimie mume wako Muchiri, na Warigia mdogo. Baba yako hajui bado. Nitamwambia Jumapili ijayo tukitoka kanisani.

Mungu akulinde kuliko nilivyokulinda mimi.

Mwana wa shangazi yako, anayekupenda,
Mbuthia