Roketi ya Baba Mkwe

Dada Nyaboke, habari ya Kisii?

Jana baba mkwe aliita kijiji kizima cha Katelembo kuangalia roketi mpya ikirushwa, kwa TV yake ya betri ya gari. Ya kwanza ililipuka, lakini hii aliiapia kama yeye ndiye aliyekaza nati zake. Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, tukingoja. Mara mtangazaji akasema wameahirisha mpaka Alhamisi, kuna wingu. Wingu moja! Mama mkwe, aliyetoka mtoni na mtungi nusu kwa ukame huu, akauliza, "Kama hawalitaki, si walilete huku?" Tukaangalia nje, jua tupu. Baba mkwe ameshatualika Alhamisi, na kwa roketi ya mwaka ujao pia.

Leo jioni mvua ya huko Kisii ikikukimbiza kuanua nguo, dada yangu, usithubutu kulalamika.

Mdogo wako akupendaye,
Moraa