Dakika Arobaini za Salamu

Jumanne, baada ya ugali.

Hawa wakulima wataniua. Darasa letu la pamba kwa simu hukatika lenyewe baada ya dakika arobaini, na jana thelathini na tano ziliishia kwenye salamu. Kila aliyeingia alisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila," akajibiwa na wenzake wote kumi na mmoja, kisha akaulizwa habari za mvua, za watoto, za ng'ombe. Na funza wako shambani wanakula vitumba vya pamba, wao hawasubiri salamu.

Kwa hiyo leo nikawa mkali. Nilipowasha tu nikasema, "Leo hakuna salamu, tuanze na dawa." Nilifundisha vizuri mpaka nikajipenda. Hakuna hata aliyekohoa. Nikauliza kama kuna swali. Kimya. Nikajua mtandao wa huku Bariadi umefanya mambo yake.

Jioni akanipigia Mama Kabula wa Maswa, kiranja wa darasa. Sauti ya chini kabisa.

"Pole sana, mwalimu. Nani amefariki?"

"Hakuna, mama! Kwani vipi?"

"Mtu mzima huwezi kuingia kwa watu bila kusalimia kama huna msiba. Tukaona tukae kimya, kwa heshima."

Nikamwapia kwamba kwetu wote ni wazima.

"Usitufiche, mwalimu. Gari tumeshapata."

Kesho watu kumi na wawili wanashuka hapa kwangu na unga na kuku. Ubao nimeshauegemeza ukutani. Tutaanza na funza, mara tu baada ya salamu.