Kina Mama Wengi

Dada yangu,

Hapa hatujambo kiasi. Cherehani yangu imetengenezwa, shemeji yako anakoroma vilevile, na Kibonge wetu ameota jino la kwanza, anamng'ata kila anayembeba.

Yale mafuta ya watoto unayouza, uliyonitumia, nimeyaweka kando kwanza. Shingo ya mtoto imekuwa nyekundu, na jana ngozi ilianza kubanduka. Shemeji yako akaiuliza simu kama yana madhara. Ikajibu papo hapo, kidaktari kabisa, kwamba ni salama hata kwa mtoto mchanga na kina mama wengi wamethibitisha. Akaninyooshea simu: "Umeona? Acha presha."

Roho yangu haikutulia. Nikabonyeza kuona jibu limetolewa wapi. Hao kina mama wengi ni mmoja, Dada. Ni tangazo lako la biashara, neno kwa neno, mpaka ile "ngozi laini kama ya malaika" yako.

Kesho asubuhi tunampeleka zahanati. Sijakukasirikia, naogopa tu. Usiniandikie mambo ya wateja. Niambie hili moja: mtoto wa kwako unampaka mafuta haya?

Nasubiri,
Mdogo wako