Usingizi wa Baba

Jumatano, 1912

Nimekasirika mno. Kabla ya kumpasua Baba ngiri, daktari Mjerumani aliniambia nimuulize analalaje. Baba, ambaye taya na ulimi wake vinakua kila mwaka, akajibu kwa Kimeru, "Vizuri." Nami nikafasiri: vizuri. Mtoto atamsimuliaje mgeni habari za usingizi wa baba yake?

Walipomnusisha klorofomu, dawa ya kumlaza, ulimi ulirudi nyuma ukaziba koo. Waliuvuta kwa koleo, ndipo akapumua; upasuaji ukaahirishwa hadi kesho.

Jioni Baba akaninong'oneza, "Kesho mwambie tena: nalala vizuri."

Nilimwendea daktari peke yangu. "Baba hukabwa na ulimi kila usiku, bwana."

Daktari amefuta upasuaji, akihofia dawa itamuua.

"Mwana gani huyu," Baba alimwambia Mama, "anayetangaza usingizi wangu?"

Ngiri inamuuma bado. Uji niliompelekea hajaugusa.