Mkanda wa Mkuu na Utando Wangu

Jumatatu, 9 Juni

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Miezi kumi na minne nakilea kile kipande — utando wa sumaku uliopakwa juu ya kioo, mwembamba kuliko unywele mara elfu na ushei. Kazi yake ni moja tu: nikikipa "ndiyo" kwa waya wa umeme, kijibu "hapana". Leo nimejaribu mara arobaini. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kama mlevi anayekubali kila anachoambiwa.

Kisha Mkuu wa maabara kaingia, kasimama ubavuni mwa meza, kaniambia nirudie. Hapana! Safi kabisa. Akasema kipande hakina ubaya, ubaya ni mkono wangu. Mbele ya fundi. Eti wageni wa kiwandani wakija Ijumaa na mkono bado mzito, kazi atampa mtu mwingine. Kazi niliyoibuni mimi!

Jumanne, 10 Juni

Mkuu yuko safarini. Majaribio sitini, hakuna hata moja lililofaulu. Fundi ananitania, labda Mkuu ana hirizi. Nimemwambia aniondokee.

Jumatano, 11 Juni

Nimejua. Wala si hirizi.

Chumba cha vipimo kina sharti: unavua saa, funguo, mkanda, hata pini za nywele, unaacha kwenye beseni mlangoni. Chuma au sumaku ikikaribia, utando unaisikiliza hiyo, waya wangu unausahau. Sote tunavua. Mimi naingia nimeshikilia suruali kwa mkono. Mkuu havui. Nani atamwambia mkubwa avue mkanda? Na mkanda wake mpya una bizimu la sumaku, lile linalojifunga lenyewe, na tumbo linalifikisha mezani kabisa.

Nimeng'oa sumaku ya mlango wa kabati, nikaishika pale pale tumbo linapokaa. Hapana, hapana, hapana. Mara ishirini. Nimecheka peke yangu, halafu nikalia. Kipande changu hakifanyi kazi. Kinasukumwa na sumaku ya mkanda.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemweleza Mkuu ofisini kwake, kwa adabu zote. Nilidhani atashtuka. Kafikiri kidogo, kauliza: kumbe nikisimama hapo kinafanya kazi? Basi nitasimama.

Atasimama! Na karatasi ya matokeo nitie sahihi mimi, maana mpimaji ni mimi. Kiwanda kinataka kukiweka kwenye breki za lifti. Lifti za watu. Siku lifti ikianguka, jina ni langu, yeye na tumbo lake hawamo.

Dada yangu kwenye simu: kazi zenyewe ziko wapi siku hizi, funika kombe mwanaharamu apite. Dada anayepanda lifti hadi ghorofa ya tisa kila asubuhi! Nimemkatia.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika koridoni, nimesimama.

Kipande kimejibu hapana mara kumi, tumbo liko mezani, wageni wakapiga makofi. Mkuu akanisogezea karatasi, akanong'ona: fanya upesi, binti, wageni wana safari. Nimefanya upesi. Penye sahihi, herufi kubwa: RUDIENI KIPIMO MKUU AKIWA NJE YA CHUMBA. Chini yake majina yangu yote matatu.

Hakuisoma. Hajawahi kusoma ninachoandika. Akamkabidhi kiongozi wa wageni, mama mmoja mhandisi, nami nikatoka.

Nawaona kupitia kioo cha mlango. Mama kavaa miwani, anasoma karatasi. Mkuu anamsimulia kitu, anacheka mwenyewe. Mama hacheki. Ameinua kichwa, ananyoosha kidole huku mlangoni, sijui ananiita mimi au anamtoa yeye —